Nukta ya Kwetu Haina Jina

Mwalimu wetu wa jiografia, aliyehamia hapa Kasulu kutoka Kibondo, alileta ramani ya zamani akaitandaza juu ya meza mbili. Chini kabisa reli ilipita kama mshono mweusi, na stesheni yake, na nyumba za wafanyakazi wa reli zimejipanga pembeni. Juu vilikuwa vilima vyetu. Akasema siku ya wazazi mmoja wetu atasimama kuieleza.

Nilitaka niwe mimi. Kusimama mbele za watu naogopa, lakini kusoma kontua, ile mistari ya miinuko, nawazidi wote, na mwalimu anajua.

Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja kwao ni pale stesheni. Akaweka kidole moja kwa moja. "Hapa ndipo alipozaliwa baba." Darasa zima likamlalia mgongoni. Akasimulia bibi yake alivyouza ndizi kwenye madirisha ya treni, na kwamba kwao mtu haelekezwi kaskazini wala kusini, ni juu ya reli au chini ya reli. Wakacheka. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Nikatafuta kijiji chetu. Penye barabara, shule na soko leo, ramani ilikuwa na mistari ya kontua tu.

"Kwenu kulikuwa bado hakujaumbwa," rafiki yangu akaninong'oneza. Alikuwa anatania, najua. Iliniuma hadi jioni.

Jumamosi nilimuuliza bibi. Akashangaa ninavyopatafutia barabarani. Barabarani tuliletwa tu, alisema, watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo kila familia ilikaa kilimani kwake, na sisi tulikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye yale mahame ninapookota kuni. Miti ile ya mivumu iliyopo pale ilikuwa uzio wetu.

Jumatatu nikakifuata kijito kwa kidole kwenye ramani. Ng'ambo yake ilikuwepo nukta moja ya makazi, ndogo kama yai la chawa. Nikamwita rafiki yangu. Akainama, akaangalia kweli.

"Mbona haina jina?"

La kwao limeandikwa kwa herufi nene.

Mwalimu alimchagua yeye. Nilijua. Tulipotoka nje akanishika mkono, akasema ile mistari haimwingii kabisa, tusimame wote wawili, yeye aongee ya reli, mimi ya vilima.

Nimekubali, na wivu wangu uko palepale. Ila nimemwambia fimbo ya kuonyeshea nitashika mimi.