Nilivyomuua Mzee Salimu Kabla ya Alasiri

Naomba mniache nimalize ndiyo mcheke, kwa sababu aibu hii niliipata Kariakoo nzima ikiniangalia, na hadi leo nikipita mtaa wa pili kununua uzi kuna mama muuza mikoba lazima aniulize leo anazikwa nani. Nilimuua mwenye nyumba wetu. Nilimuua mchana kweupe, kwa simu, nimekaa juu ya jora la kitenge natafuna muhogo wa kukaanga, na watu wakaja kumzika.

Mimi naitwa Anjela, Mchaga wa Rombo, nauza vitenge na mama yangu mdogo kwenye fremu ya chini ya ghorofa moja pale Mchafukoge (fremu yenyewe ni kachumba ka duka ambako wateja watatu wakiingia mimi natoka, lakini kuna watu wanaisubiri miaka). Vitenge ndiyo kazi. Kinachoniamsha asubuhi ni kitu kingine, ni tamthilia, tena moja tu, ile iliyotafsiriwa ya Kasri la Mirzani, ambayo kituo kiliikatisha siku yule binti Nergisi kashika kitasa cha mlango wa kasri, hatujui anatoka au anabaki, na kesho yake saa ileile wakatuwekea kipindi cha mapishi. Watu wengine walilalamika wakanyamaza. Mimi nilisema haiwezekani, huyu binti hawezi kukaa na kitasa mkononi maisha yake yote, na kama wao wameshindwa kumalizia nitamalizia mimi.

Basi nikafungua kundi la WhatsApp, nikawa naandika sehemu mpya kila Ijumaa. Tulianza wachache, tukajaa. Na mapenzi yangu hayakuishia kwenye kuandika, maana nikipenda kitu huwa sijui kushika breki: majora yote dukani niliyapa majina ya wahusika (mteja akitaka lile la bluu lenye maua namwambia huyo ni Nergisi, hafai kuoshwa na maji ya moto), nikashona midoli kwa vipande vya vitenge, nikajifunza hadi kutembea kama mama mkwe wa kwenye kasri. Mama mdogo alikuwa ananitazama tu, anasema dada yake kule Rombo alimlea mtoto vizuri, sijui Dar imemfanya nini.

Sasa, kule kwao akina Mirzani mimi sikujui, sijui asubuhi wanakunywa nini, kwa hiyo familia nzima niliihamishia Kariakoo. Kwenye kasri kulikuwa na babu mmoja tajiri, mkali, jina lake Selimu. Nikamfanya Salimu. Nilihitaji mfano wa mzee tajiri mkali, na mfano ulikuwa unaishi juu ya vichwa vyetu ghorofa ya tatu: Mzee Salimu mwenyewe, mwenye jengo, mgane, kofia ya viua, bakora nyeusi, mtu ambaye ukimwamkia shikamoo anakuitikia marahaba huku anaangalia kama umefagia mbele ya fremu. Nikachukua vyote, bakora, ghorofa, hata kikohozi. Ila wasomaji wangu wakamchukia mno, nikaona nimpe jambo moja jema la siri, nalo nililitoa kichwani kwangu tu, kwamba kila Ijumaa anagawa kashata kwa watoto wanaotoka madrasa. Mzee Salimu wa kweli, watoto wa madrasa wakikaa kwenye ngazi zake, alikuwa anawamwagia maji.

Ikafika mahali lazima yule babu wa kwenye hadithi, aliyemkataza Nergisi kutoka, afe, la sivyo Nergisi asingetoka mlangoni. Wasomaji wakaniomba nimwache, kuna dada mmoja akanitumia sauti analia kabisa. Nikakataa. Nilitaka waumie, tena waumie kama watu wa hapa wanavyoumia, kwa hiyo badala ya kusimulia kifo nikaandika tanzia, ile hasa tunayoipokea kila siku kwenye simu. Mimi, Mkatoliki wa kipaimara, niliandika inna lillahi vizuri kuliko maelezo, nikaandika Mzee Salimu wa ghorofa ya tatu Mchafukoge ametutoka leo asubuhi, atakumbukwa kwa kashata zake kila Ijumaa kwa watoto wa madrasa, maziko ni leo baada ya sala ya Alasiri. Nikaisoma nikajililia mwenyewe. Ilikuwa nzuri, nikaona kuiacha kundini peke yake ni kuionea, nikaiweka na kwenye status.

Hapo kwenye status ndipo nilipojichongea. Wateja wangu wote wananiona, na wauza duka wote wa jengo wananiona, na hakuna hata mmoja aliyejua habari za Nergisi. Mtu akainakili akaipeleka kwenye kundi la wafanyabiashara wa jengo, na kabla sijamaliza muhogo nikasikia shata za maduka zinashushwa, moja, nyingine, hadi upande wa pili wa barabara. Nikamuuliza jirani kuna nini, akanipa pole.

Nikafungua simu kufuta, lakini ilishasambaa huko nisikokujua. Nikapanda ngazi mbio kwenda kumtoa mzee nje watu wamwone. Mlango umefungwa kwa ufunguo. Mzee kumbe alivuka na pantoni asubuhi kwenda kuangalia kiwanja chake Kigamboni, na simu huwa anaiacha nyumbani ili isiibiwe. Watu wakawa wanampigia, simu inaita humo ndani, hapokei, na kila ikiita wanawake waliokuwa pale koridoni wanalia upya. Mama Rukia, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, ndiye aliyesema kitasa kivunjwe. Kikavunjwa. Mwili haukuonekana, wakakubaliana kwamba umepelekwa hospitali.

Ningesema pale pale ingekuwa aibu ya watu wachache. Lakini nikajiambia ngoja kwanza, mzee atatokea mwenyewe, watacheka, yataisha, na nikikaa kimya hakuna atakayejua ni mimi. Nikapewa khanga nijitande, nikakaa mkekani na waliaji. Chini turubai likafungwa, viti vya plastiki vikaja, sufuria la wali likateremshwa kwenye bajaji. Mama mdogo akapanda, akaniinamia sikioni, na sauti yake ilikuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kugomba.

"Anjela, niambie hii siyo ile michezo yako ya simu."

Nikamwambia ndiyo yenyewe. Alikaa chini, akasema fremu ndiyo basi, fremu aliyoipata kwa kulala mlangoni kwa huyu mzee, ndiyo inayosomesha wadogo zangu. Nikaona uso wake, nikaona bora nife mimi. Na chini nikasikia wanaume wanasema pisheni, jeneza la msikiti limefika.

Nikashuka. Mama Rukia alinivuta khanga nikamwachia khanga. Nikapita katikati ya wanaume wamevaa kanzu zao safi, nikapanda juu ya kiti.

"Jamani, Mzee Salimu hajafa. Nimemtunga mimi."

Halafu Mama Rukia, aliyenifuata hadi chini, akasema masikini mtoto wa watu amechanganyikiwa, mleteeni maji, na wanaume wawili wakanishusha kwa upole, mtu akaanza kunipepea na kipande cha boksi. Ninavyozidi kusema nimemtunga, ndivyo wanavyozidi kunipepea. Nikaanza kuwaeleza habari za Kasri la Mirzani tangu mwanzo, nikamtaja na Nergisi, hapo ndiyo nikaharibu kabisa, wakanisomea dua.

"Mwacheni aseme."

Sauti ilitoka viti vya nyuma. Mtu mmoja aliyejifunga barakoa ya vumbi akaivua, akatoa kofia ya viua mfukoni akaivaa, akasimama kwa bakora yake nyeusi. Siwezi kuwaelezea zile mbio. Jeneza liliachwa chini, wali ulimwagika, na waliokimbia wa kwanza ni wale waliokuwa wanamlilia kwa nguvu zaidi. Mzee kumbe alirudi kitambo, akakuta turubai mlangoni kwake, akauliza nani kafa, akaambiwa mwenye jengo, akaona ajifiche uso, akae asikilize.

Alikuja hadi niliposimama. Mama mdogo alishapiga magoti, anaomba radhi kwa ajili ya fremu. Hakumtazama.

"Hizo kashata umeandika wewe?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekaa pale nyuma nawasikiliza. Kila aliyenisema kwa wema alisema kashata. Hakuna aliyekuwa na kingine."

Nilitamani anichape na ile bakora, ingekuwa nafuu. Akasema suala la fremu atatujibu Ijumaa ijayo, akapanda ngazi zake polepole kwenda kwenye mlango uliovunjwa.

Wiki ile ilikuwa chungu. Mama mdogo aliniomba nimfufue babu kwenye hadithi, niandike alizimia tu, labda mzee atalainika, na nikishamaliza nifunge kundi. Nilijaribu, jamani, niliandika, nikafuta. Kama babu hajafa Nergisi hatoki. Nikamwambia mama mdogo nitapiga deki ngazi za jengo zote, nitatangaza kila fremu kwamba kosa ni langu peke yangu, lakini maiti yangu sifufui. Na deki nilipiga, mchana, watu wakipita wananipa pole ya msiba.

Ijumaa, watoto walipotoka madrasa, Mzee Salimu alishuka na sinia la kashata. Watoto walipomwona walirudi nyuma wakidhani ni maji. Akasimama pale amenuna, sinia mkononi, akasema chukueni basi, msinichoshe mkono, hadi kabinti kamoja kakajitolea. Sinia lilipoisha akaja kwenye fremu yetu.

"Fremu bakini nayo. Kitasa changu utanunua wewe." Akageuka, akasita. "Na yule wa kwenye simu, amekufa kweli?"

"Amekufa, mzee. Nikimfufua hadithi inaharibika."

Akaweka sinia kwapani. "Basi mwache. Alikuwa mtu mzuri."

Nimeapa, sitaandika tena tanzia ya mtu hata awe wa kutunga, na wahusika wangu siku hizi nawapa majina ambayo hayapo Mchafukoge, Ilala wala kokote nilikowahi kuamkia mtu. Kuacha kuandika sijaapa, na msinishauri. Nergisi alishafungua mlango akatoka, na mzee hajawahi kuruka Ijumaa hata moja, ingawa, kati yetu, kashata zake zina sukari kidogo mno.