Giaboksi ya Kiwanda

Volkano iliposhuka katikati ya Goma, kaka yangu mkubwa alikuwa na gari dogo la mbio, la milango miwili. Marehemu baba alilinunua likiwa limegongwa, na kaka akalifufua kipande kwa kipande. Moto ulipokaribia mtaa wetu, aliwapakia mama na watoto wa jirani, wakabanana, wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Mimi nilifuata kwa miguu. Tuliporudi, garaji yetu ilikuwa chini ya jiwe jeusi lililokuwa bado linafuka moshi, pamoja na vyombo vyetu vyote vya kazi.

Mbio zetu zilifanyika nchi jirani, kwenye barabara za lami zilizofungwa kwa siku hiyo. Kaka aliendesha, mimi nilikaa kando yake nikimsomea kona kutoka kwenye daftari kabla hatujazifikia. Kiwanda kilichotengeneza gari letu kilikuwa na timu yake, yenye magari mapya na madereva wa mishahara. Lakini kilipenda watu binafsi kama sisi nao washindane, maana gari likimaliza mbio mikononi mwa mtu wa kawaida, wanunuzi huliamini. Kwa hiyo kiliwaazima vipuri. Sisi kilikuwa kimetuahidi giaboksi ya mbio.

Tulimwendea mwakilishi wake upande wa pili wa mpaka. Alitupa pole kwa moyo, kisha akasema, "Kiwanda kinasaidia timu, na timu huwa na garaji. Ninyi mtaifungia wapi giaboksi?"

"Juu ya jiwe," nikamjibu, nikimwita papa kwa heshima kama tunavyowaita wakubwa kwetu. "Papa, kuja uone."

Kaka alinitazama kama mtu aliyesikia habari mpya. Juu ya jiwe hapakuwa na kitu. Tulirudi nyumbani tukaanza kuponda lava kwa nyundo za kuazima mpaka tukapata mahali tambarare. Tulisimamisha miti ya mikaratusi, tukaezeka kwa mabati yaliyoungua. Mwakilishi alipokuja, viatu vyake vilichanika kwenye mawe makali. Alishika nguzo moja akaitikisa kwa nguvu. Haikutikisika. Giaboksi ikaletwa, kwa sharti kwamba itabaki mali ya kiwanda.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Tulipotaka kulijaribu gari kwenye mwinuko wa Kibati, askari mmoja alitusimamisha kwenye kizuizi na kuchungulia ndani.

"Hii mutokari inabeba batu ngapi?"

"Wawili tu," kaka akasema.

"Basi haina kazi. Mupite."

Siku ya mbio, asubuhi, gari la timu ya kiwanda liliharibika giaboksi kwenye mazoezi. Nilimwona mwakilishi akija kwetu na mafundi wawili, nikajua anachotaka kabla hajafungua mdomo.

"Ninaona haya," alisema. "Lakini giaboksi yenu ni yetu. Dereva wetu anaweza kushinda leo. Ninyi mnakuja kumaliza tu."

Kaka aliinamisha kichwa. Mkataba ulikuwa mkataba, na yeye alikuwa mtu wa kutimiza neno. Mimi niliingia ndani ya gari, nikafunga mkanda.

"Mudogo yangu, toka," kaka akasema polepole.

"Sitoki, yaya," nikamjibu kaka. Nikamgeukia mwakilishi. "Papa, giaboksi ni yenu, sikatai. Mutaichukua jioni, nitaifungua mwenyewe. Lakini mulitupa tukimbie nayo, na bado hatujakimbia. Mukiitaka sasa, muifungue nikiwa ndani."

Mafundi walimtazama mkubwa wao. Aliuangalia mkanda wangu, kisha akawaambia warudi.

Tulikimbia vile tulivyoweza. Kwenye mteremko mmoja niliruka kona moja nikataja iliyofuata, tukaponea chupuchupu kuingia kwenye mashamba ya chai. Kaka hakunilaumu, alisema tu, "Endelea kusoma." Magari kadhaa yalitutangulia. Lakini tulimaliza, na kati ya magari yote ya kiwanda kile yaliyofika mwisho, hakuna lililotangulia letu.

Jioni nilivaa ovaroli nikalala chini ya gari na spana. Mwakilishi akachuchumaa kando.

"Iache," akasema. "Wakubwa wangu wamekasirika, hamtapata kipuri kingine. Lakini hiyo nitawaambia ilivunjika."

"Haijavunjika, papa. Sitaki useme uongo kwa sababu yetu."

Nikaifungua, nikaifuta mafuta kwa kitambaa, tukaibeba pamoja mpaka kwenye lori lake. Tulirudishia giaboksi ya zamani, ile ya baba, yenye gia ya tatu inayolia, tukashika njia ya kurudi Goma. Mpakani kaka alishuka na kunipa usukani.

"Mbio zijazo," alisema, "mimi nitasoma kona."