Wifi Aliyeona Baridi

Kaka yangu alipooa, bibi harusi alikuja kukaa nasi Sib, kando ya Maskati. Mimi, dada mtu ambaye hata mchumba sina, nikajipa kazi ya kumkagua. Mwanzo sikupata kasoro. Alikuwa mchangamfu, na mikate yake ya kumimina iliishinda yangu.

Mtoto wao alizaliwa kwa shida. Wifi alitoka damu nyingi hata akaongezwa chupa kadhaa. Alirudi nyumbani tukamshukuru Mungu, lakini maziwa hayakutoka hata tone. Mama akasema ni hasadi. Akafukizwa ubani, akasomewa, akanyweshwa uji wa pilipili manga. Wapi!

Arubaini ikaisha, mwaka ukapita, naye bado hainuki. Viungo vinamuuma, mchana kutwa amelala. Mwezi wa Julai, kilele cha joto la huku Omani, anazima kiyoyozi, sisi twatoka jasho, yeye kajifunika blanketi. Nyusi zikampukutika. Hilo nililiona, nikadhani anazinyoa, nikamsengenya kwa hilo pia.

"Wifi, nnaona baridi," alinambia siku moja mbele ya wageni.

"Baridi, Maskati hii? Sema vyombo kwenye sinki ndivyo vinavyokutia baridi!"

Wageni wakacheka. Nilikuwa na ulimi mkali na nikijivunia.

Kila kaka aliporudi kazini nilikuwa na habari ya kumpa: leo kalala mpaka adhuhuri, leo mtoto nimemwogesha mimi. Mwisho akamwacha, mke akarudi kwao na mtoto. Talaka aliitoa kaka, lakini maneno yalikuwa yangu.

Baada ya miaka miwili nilikutana naye sokoni, anatembea haraka, mtoto akikimbia kumfuata. Akanieleza bila kuficha. Daktari mmoja alimuuliza kama alitoka damu nyingi alipojifungua, na kama maziwa yalitoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza hayo mawili kwa pamoja. Vipimo vikaonyesha kuwa tezi iliyo chini ya ubongo iliumia siku ile, na homoni za mwili zikapungua. Sasa anameza vidonge kila siku.

Nililia palepale, mbele ya wauza samaki. Nikamwomba radhi, nikamwambia kaka hajaoa mwengine, anipe ruhusa niwapatanishe.

"Kakako nshamsamehe," alisema. "Yeye alikuwa kazini, akisikia tu. Wewe ulikuwa nyumbani, ukiniona."