Niliwasingizia Ndovu wa Kishushe

Nimekosa, na sina wa kumsukumia lawama. Mwalimu hakunituma, shetani hakunituma, na ndovu wenyewe, maskini, walikuwa wameshakwenda zao. Nisikilize kwanza, halafu unitukane ukipenda.

Nasomea uandishi wa habari katika chuo kimoja hapa Voi. Muhula wa kwanza tu nilikuwa nimeshajinunulia koti la mtumba lenye mifuko mingi, nikawa silivui hata kwenye jua la huku, ambalo unalijua. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo cha hosteli nikitaja jina langu kwa sauti nzito, eti naripoti, mpaka wenzangu wakaniomba nikaripotie nje. Habari yenyewe sikuwa nimeandika hata moja.

Basi mhadhiri wetu wa video akatupa kazi: kila mmoja alete ripoti kutoka kwao nyumbani. Atakayeshinda atapelekwa kwa mafunzo ya kazi katika kituo cha televisheni Mombasa.

"Sitaki kuambiwa ndovu amepita," alituonya. "Nataka nione alipopita. Mkiniletea majani mawili yamejikunja, nitajua ni mbuzi."

Wiki hiyo hiyo, asubuhi, shangazi yangu akanipigia simu kutoka Kishushe. Nitamwita Shangazi Wakesho, ingawa si jina lake. Ni mjane, analima mahindi na pojo, na alikuwa mweka hazina wa kina mama kanisani kwao. Ndovu walikuwa wameingia shambani kwake usiku.

"Lakini Mungu ni mwema, wamekula kona tu," aliniambia. "Chifu amepita akapiga picha. Amesema tusiguse kitu mpaka watu wa wanyamapori waje wapime, ndio nilipwe fidia."

Mtu mwenye akili angesema pole. Mimi niliuliza kama kuna damu.

Nilimchukua Mutua, mwenzangu wa darasani, kwa sababu siku hiyo zamu ya kamera ilikuwa yake. Kamera ya chuo ni moja na sisi ni wengi. Tukadandia lori lililokuwa linaelekea huko, maana gari za Kishushe ni za bahati, tukafika na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Shangazi hatukumkuta. Alikuwa amekwenda kwa chifu kuandikisha ripoti, na majirani walikuwa mashambani mwao.

Nikaingia shambani na koti langu. Jamani, niliaibika. Ndovu walikuwa wameangusha ua upande mmoja, wakala mistari michache ya mahindi pale kwenye kona, wakaondoka kistaarabu. Shamba lililobaki lilikuwa limesimama lote, la kijani, linapendeza.

"Hii ni habari ama ni tangazo la mbegu?" Mutua akauliza.

Niliwakasirikia wale ndovu kana kwamba tulikuwa tumeagana. Nikaiona Mombasa inaniponyoka, na mtu fulani wa darasa letu, ambaye hata kusoma habari hajui, akienda badala yangu. Nikamwambia Mutua aweke kamera chini anisaidie.

Sitaficha. Mahindi tuliyakanyaga sisi. Tulianza na machache, ya kuongezea tu. Mutua akachungulia kwenye kamera akasema bado ni kidogo, tukaongeza. Pojo tukazing'oa tukazitawanya. Kisha tukachukua ndoo ya shangazi tukawa tunaikandamiza mchangani kutengeneza nyayo, mimi nikiwa miguu ya mbele na Mutua miguu ya nyuma, huku tunabishana hatua ya ndovu ina urefu gani. Vijana wawili wenye ndevu, wazazi wanawalipia karo, wameinamia ndoo.

Shangazi akarudi. Alifika langoni akasimama. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakaa chini pale pale kwenye udongo, akaanza kulia polepole kama mtu aliyechoka.

"Wamerudi tena?" aliuliza. "Mchana huu?"

"Tumekuta hivi, shangazi."

Na unajua nilifanya nini? Niliwasha kamera. Nikamwambia, "Pole sana, shangazi. Sasa ukilia geukia huku kidogo, jua liko nyuma yako." Akageuka. Alinitii, kwa sababu aliamini naijua kazi yangu.

Ripoti ilishinda. Mhadhiri alisimamisha picha pale shangazi anapojifuta machozi, akaliambia darasa, "Mnaona mtu aliyefika mahali?" Nikapigiwa makofi, na Mutua akapiga kwa nguvu kuliko wote. Chuo kikaiweka kwenye ukurasa wake wa Facebook, watu wakaandika pole, pole, pole, na mmoja akasifu koti langu.

Halafu watu wa wanyamapori wakafika Kishushe, na picha za chifu wanazo kwenye simu. Kwenye picha, kona tu ndiyo iliyoharibika. Mbele ya macho yao, shamba zima limelala. Shangazi akaapa kwamba ndovu walirudi mchana. Wakacheka. Ndovu wa mchana kweupe, na hakuna jirani hata mmoja aliyewaona? Ndipo kwa kunitegemea akawaambia yuko shahidi, mtoto wa kakake, mwanahabari. Akanipigia simu mbele yao, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Kijana," afisa akaniuliza, "wewe ulipofika, hili shamba lilikuwa namna gani?"

Hapo ndipo nilipokosa hasa. Mahindi yangeweza kupandwa tena. Neno moja la kweli lingetosha, na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshafunga mkoba wa Mombasa.

"Nilikuta limelala lote, afande."

"Basi huyu mama amelilaza mwenyewe," nilimsikia akimwambia mwenzake, kisha simu ikakatika.

Wakaandika kwamba madai ni ya uongo. Hata ile kona iliyoliwa na ndovu wa kweli hakulipwa. Na Kishushe pakaenea maneno kwamba Wakesho amefyeka shamba lake kwa mikono yake ili ale fidia. Kina mama wa kanisa wakamwomba, kwa upole mwingi na chai, apumzike kidogo kushika hazina mpaka mambo yatulie. Hayajatulia. Siku hizi anakaa benchi la nyuma, na wakati wa kutoka hasubiri kusalimiana na watu.

Mimi Mombasa nilikwenda. Kazi yangu kubwa ilikuwa kushikilia waya ili mtangazaji asijikwae.

Juzi nikaenda kumwona. Alinipikia kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, kwa sababu anajua nakipenda, akakaa mbele yangu akinitazama nikila. Amekonda. Nilijiambia nikimaliza sahani nitasema. Akaniwahi yeye.

"Baba," alisema, kwani ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "wewe ndiye mwandishi wetu. Mimi hawanisikii. Andika wewe, wewe watakuamini. Waambie shangazi yako si mwizi."

"Nitaandika, shangazi," nikasema, nikamaliza sahani.

Na nimeandika, ndiyo haya. Ila nimeficha jina langu, na lake na la kijiji nimeyabadilisha, kwa hiyo hakuna mtu wa kanisani kwake atakayesoma akajua ni yeye ninayemsafisha. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyo. Hata kuungama nimeungama kwa ujanja.

Wewe unayeanza chuo mwaka huu, tafadhali. Ukifika mahali ukakuta habari ni ndogo, irudishe ndogo vivyo hivyo. Watakupa alama mbaya na utaishi. Na kama umeshaharibu, usinifuate mimi kuja kulia magazetini. Nenda kwa yule uliyemwangusha, useme kwa mdomo wako na kwa jina lako, kabla hajakupakulia chakula na kukuomba wewe ndiye umtetee.