Safari ya Rabai Kumtafuta Aliyemwona Kahindi

Niliondoka nyumbani Adu kwa sababu baba mdogo Karisa alitaka kumsimikia ndugu yangu koma, nami nilikataa. Koma ni kigingi cha mti mgumu tunachomsimikia marehemu uani, ili apate mahali pa kukaa miongoni mwa watu wake. Kahindi alikwenda Urusi akiwa ameahidiwa kazi ya ulinzi wa ghala. Baadaye alitupigia simu akiwa amevaa nguo za jeshi, akasema anapelekwa kwenye vita vya Ukraine. Tangu hapo masika yamepita mara mbili, na hatujamsikia tena.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Niliacha masomo, nikalima, nikamlea Kahindi na wadogo zake. Ndiyo maana baba mdogo aliniambia, "Kadzo, wewe ndiwe mama yake. Bila neno lako sikati mti." Nami neno langu lilikuwa moja: hatujui kama amekufa. Nilikataza hata kilio. Kwetu, kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo. Dama, mke wa Kahindi, aliyeolewa mwaka mmoja tu kabla mumewe hajaondoka, hakubisha. Alitwanga, akateka maji.

Kisha tukapata habari kwamba kijana wa Rabai, jina lake Mwero, amerudi kutoka huko, na kwamba walikuwa kikosi kimoja na Kahindi. Nikafunga kanga zangu mbili na muhogo mkavu wa kuwapelekea wenyeji.

Malindi nilifika asubuhi, nimepakwa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Karibu na stendi nilikaa kwa mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi. Nilishika hamri nikalitazama, naye akacheka.

"Usilitazame hivyo mwanangu, litaona haya. Najua limekuwa dogo."

"Zamani yalijaa kiganja, mama."

"Zamani Warusi hawakuwa wakipigana. Ngano yatoka huko kwao, mafuta nayo yatoka huko. Wao wapigana, miye natukanwa na wateja! Vita havina jirani wala mbali."

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu havikuchukua ngano tu. Nikala, nikamshukuru.

Kutoka Malindi nilishuka na basi hadi Mavueni, nikapanda gari jingine la kuelekea Kaloleni. Njia yote nilitazama mashamba ya mkonge na minazi, nikimwaza Kahindi. Alipenda kukaa upande wa dirisha, akinisomea kwa sauti maandishi ya kila duka tunalopita, kwa kuwa alidhani nilishasahau kusoma. Sikuwahi kumwambia kwamba naweza. Nilipenda kumsikia.

Rabai nilifika jua limepinda. Mama yake Mwero alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiwe dada wa Kahindi. Mna pua moja. Ingia, lakini kama una simu, izime. Akisikia mtetemo ataingia chini ya kitanda. Hata mizinga ya nyuki nimempa jirani. Mlio wao ulikuwa ukimwangusha kifudifudi, adhani ni zile ndege ndogo za mabomu."

Tulimkuta Mwero nyuma ya nyumba akifua nazi. Hakuniangalia. Aliendelea kuzigonga kwenye ncha ya kifuo, akizungumza baina ya nazi na nazi. Alisema kikosini walikuwamo Wanepali, Wakuba, Wakameruni, watu wasioelewana lugha, kila mmoja ameahidiwa kazi ya namna yake. Kahindi aliwafundisha wote salamu ya Kigiriama. Kila asubuhi, kwenye baridi ile, Mnepali alimwamkia Mkuba kwa lugha ya Adu.

Nilicheka. Mwero naye akacheka kidogo, kisha akaweka nazi chini.

"Siku moja tuliambiwa tuvuke shamba lililo wazi hadi kwenye miti. Kundi la Kahindi likatangulia. Hakurudi hata mmoja. Kisha tukaambiwa sisi. Nilipita pale pale, dada."

"Ulimwona?"

"Niliona wengi waliolala. Nguo zao moja, na theluji ilikuwa ikiwafunika. Sikumgeuza mtu." Akajifuta uso kwa mkono. "Lau ningebaki kule, ningetaka mama asiningoje."

"Hilo ni lako," mama yake akamkata. "Mimi ningekungoja tu."

"Hata nikiwa nimekufa?"

"Hata ukiwa umekufa. Mjinga we!" Akamsukumia kikombe cha maji.

Jioni, tukikuna nazi, yule mama alinisimulia habari za bibi yake. Katika vita vikuu vya zamani, Mwingereza alimchukua mumewe akapigane Bama, huko Asia. Hakurudi.

"Bibi alingoja hadi akazeeka," alisema. "Kijiji kizima kilimsifu. Siku moja nikamsifu na mimi. Akaniambia, 'Aliyengoja ni mama mkwe wangu. Mimi nilifungwa naye.'"

Nazi ikanisimama mkononi juu ya mbuzi ya kukunia. Yule mama hakujua kwamba kwetu kuna Dama. Sikuwa nimemtaja.

Asubuhi nilianza kurudi. Mwero alinisindikiza mpaka barabarani, akitembea chini ya miti tu. Njiani sikuona mkonge wala minazi.

Adu nilimkuta Dama uani, akitwanga mahindi. Nilimweleza yote kama nilivyoambiwa, sikupunguza. Alisikiliza ameshika mchi.

"Alikuwa na koti?" akauliza.

"Walipewa makoti mazito."

Akatikisa kichwa kukubali, akatwanga mara moja, akaacha.

"Wifi," nikamwambia, "sijawahi kukuuliza. Wewe wataka nini?"

"Nataka kulia. Ulinikataza."

"Lia."

Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nami nikalia naye. Majirani wakasikia, wakaja wakikimbia, wanawake wamebeba mikeka kichwani bila kuitwa, na matanga yakaanza hapo hapo. Baba mdogo Karisa alifika na shoka, akanitazama tu. Nikamwambia akakate mti.

Nimejifunza kwamba subira yangu ilikuwa imekaa juu ya mgongo wa mtu mwingine. Miezi miwili baadaye Dama alirudi kwao, nami nilimsindikiza hadi mlangoni kwa wazazi wake.

Koma ya Kahindi iko uani. Jioni huipitia, nikaisalimu. Na kama atatokea siku moja pale njiani, ataicheka, ataing'oa kwa mikono yake mwenyewe, nami sitamzuia.