Chumvi kwa Vidole Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini hapa London nilikabidhiwa koleo, glavu na gunia la chumvi la kilo ishirini na tano. Ilikuwa Januari, huko Edmonton, kwenye nyumba za wazee, nami ndiye msafishaji mpya. Msimamizi wetu, Mama Kusum, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, alinionyesha ngazi na njia ya kwenda getini. "Mwaga kote," akasema kwa Kiswahili, nami nusura nimkumbatie. Kisha akaenda zake jengo la pili.

Nyinyi vijana wa kanisani mnaoniuliza nilijifunzia wapi neema ya Mungu, mnadhani nitasema kwenye mkesha wa maombi. Wapi! Nilijifunza kwenye gunia hilo.

Chumvi ya njiani ni ya kahawia, na chembe zake ni nene kama changarawe. Ikitangulia kumwagwa, barafu haishiki. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Asubuhi ile nilijua tu kwamba chumvi ni chumvi. Tulipokimbia vita kutoka Uvira, kule Kongo, tulikaa porini miezi mizima bila hata chembe, na binti yangu Furaha, akiwa na miaka mitatu, alikuwa akilamba mawe. Leo niitupe chini, watu waikanyage? Yesu wangu! Nikavua glavu, nikamwomba Bwana anisamehe, nikanyunyiza kwa vidole viwili, kidogo hapa, kidogo pale, kama mtu anayetia kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilipomaliza, gunia lilikuwa bado limejaa karibu lote, nami nikajiona mtunzaji hodari.

Saa mbili asubuhi Bibi Doreen, mzee wa chumba cha chini, akatoka kwenda kununua maziwa. Kwenye ngazi kulikuwa na ile wanayoiita barafu nyeusi, nyembamba mno, unadhani ni maji tu. Alianguka mbele ya macho yangu. Mkono wake ulivunjika, na mlio wake nikausikia.

Ambulensi ilipoondoka, Mama Kusum akalitazama gunia, akanitazama mimi.

"Mama, hii si ya sukuma wiki! Barafu haikuogopi wewe wala mimi. Inaogopa chumvi!"

Nikamweleza habari za porini na za mawe. Akafuta miwani yake.

"Pole sana," akasema. "Lakini ripoti lazima niandike. Bibi Doreen akisema hakutaki, mimi sina la kufanya."

Siku tatu sikulala vizuri. Kazi niliihitaji, ndiyo, lakini kilichonitafuna ni yule bibi. Nilijiuliza nitamtazamaje usoni, mimi niliyeihurumia chumvi kuliko yeye.

Siku ya nne alirudi, mkono kwenye plasta, akaniita chumbani kwake. Nikapiga magoti kama tunavyofanya kwetu.

"Inuka, utaumia bure," akasema. Mama Kusum alikuwa akinitafsiria. "Nimesikia habari za mtoto wako. Nimewaambia ofisini kwamba mlangoni kwangu chumvi utamwaga wewe, si mwingine."

"Kwa nini mimi, bibi?"

"Kwa sababu wewe hutasahau tena."

Nililia, jamani. Nililia hadi yeye akaniandalia chai kwa mkono mmoja.

Basi nikaijua kazi. Nilijifunza kuangalia mbingu jioni: zikiwa wazi, asubuhi kutaganda, kwa hiyo unamwaga mapema, kabla ya kuona hatari. Hata maombi yangu yalibadilika. Zamani nilimwomba Mungu kwa vidole viwili pia, vitu vidogovidogo, nikiogopa kumaliza akiba yake. Baada ya Bibi Doreen nikaanza kuomba kwa mikono yote miwili. Alikuja meneja mwingine, kijana wa tai, akasema natumia chumvi nyingi kupita kiasi. Nikamjibu, "Ndiyo, bosi," nikaendelea kumwaga.

Bibi Doreen alifariki Februari moja yenye theluji, kitandani kwake, bila kuanguka tena hata mara moja. Asubuhi ya kumzika nilimwaga gunia zima, kutoka mlangoni kwake hadi kwenye gari la maiti, ili wanaombeba wasiteleze. Mama Kusum, naye keshazeeka, alisimama getini akinitazama. "Mwaga, mama," akasema. "Mwaga tu."

Sasa nimestaafu, magoti yananisumbua. Jikoni bado natia chumvi kwa vidole viwili, na wajukuu wananung'unika kwa Kiingereza chao kwamba chakula hakina ladha. Lakini nje ya mlango wangu nina ndoo ya ile ya kahawia, na mbingu zikiwa wazi jioni, natoka na koleo. Naanzia ngazi zangu, nafika za jirani, nafika za yule asiyenisalimia.