Nusu ya Gome la Kabedi

Kolwezi, 1956. King'ora cha mgodi hakijalia bado, lakini Ngeleka Louis amekwisha kuinamia tanuri dogo la maabara. Anatoa chupa ya mafuta, anang'oa kizibo, ananusa. Anakunja uso. Yamechacha. Ya pili, hivyo hivyo.

Pua ndiyo kazi yake. Mkemia wa Kizungu anataka kujua ni magome gani ya dawa za wenyeji yanayozuia mafuta kuharibika. Kila chupa imetiwa matone ya gome moja lililolowekwa kwenye spiriti, ikawekwa kwenye joto. Ngeleka hunusa, kisha husema.

Anafikia chupa ya mwisho. Ananusa mara mbili, kisha anaketi.

"Iko muzuri," anamwambia mwandishi huyu, aliyesimama kando yake. "Haiharibike hata kidogo."

Mwingine angefurahi. Yeye jasho linamtoka.

Gome la chupa hiyo lilibanduliwa kwa ajili ya binti yake, Kabedi, mwenye homa isiyokwisha. Mganga wake, Mama Tshilombo, mtu wa Kasai kama wao, hagusi mti kabla ya kuutajia jina la mgonjwa. Gome likishatajiwa jina, haligawanywi. Ngeleka anajua hilo tangu utoto. Lakini mkemia alikuwa akimdai gome jipya, naye akataka sifa. Akalikata la mtoto katikati.

"Nilisema nusu itatosha, mutoto ni mudogo," anamweleza mwandishi, akimwita "tata", yaani baba, kwa heshima. "Sasa nguvu yote iko mu chupa ya muzungu. Ku nyumba kumebakia nini? Maji tu. Mi naogopa, tata."

Mkemia anaingia, ananusa, anampiga bega kwa furaha. Anataka gunia zima. "Ndiyo, musio," anaitika Ngeleka, macho chini.

Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema. Mwandishi huyu hakuthubutu kumwambia hivyo baba wa mgonjwa.

Jioni, katika kambi ya wafanyakazi, mkewe Laurentine amempakata mtoto. Midomo ya Kabedi imekauka.

"Homa imerudia," anasema. "Na dawa anakunywa. Juu ya nini haimusaidie?"

Kikombe kiko mezani, kimefunikwa kisahani. Laurentine anamwomba mumewe akinuse. Si ndiyo kazi yake? Ngeleka anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta.

"Hapana. Ile siwezi. Kama nguvu imetoka, pua itajua."

Hapo ndipo anapomwambia yote. Laurentine anamfunga mtoto mgongoni, anakamata kuku wao wa kumlipa mganga na kusimama mlangoni.

"Tutaenda kwa Mama Tshilombo," anasema Ngeleka. "Nitamuambia kweli. Anitukane, anipige hata. Lakini ataje jina ya mutoto mara ingine. Mi naomba tu mti ukubali."

Wakiwa wametoka tayari, Ngeleka anarudi ndani kuchukua kile kikombe, mganga akione. Anakibeba kwa mikono miwili, amekinyoosha mbali na uso wake.